Wewe Mtoto wa Nani?

   

Leo nazungumzia jambo tulilolizoea mno: kwamba Mungu ni Baba. Sala kuu ya Kanisa tunaianza kwa jina hilo, tena kwa mwendo wa kasi, wengine huku tukitafuta chenji ya sadaka mfukoni. Na wahubiri wetu wana namna moja ya kulieleza. Mkumbuke baba yako, wanasema. Alivyokulipia ada, alivyokukimbiza hospitali usiku wa manane ulipozidiwa na homa. Basi Mungu ni hivyo hivyo, ila mara elfu. Kanisa zima linaitikia amina.

Lakini hebu tazama mabenchi ya nyuma. Yupo msichana ambaye baba yake akirudi usiku na kugonga mlango, watoto wote walikuwa wakijifanya wamelala. Yupo kijana aliyekanwa na babaye mchana kweupe, mbele ya ofisa ustawi wa jamii, mama yake amesimama pale pale na khanga imemfunika mdomo. Yupo mtu mzima mwenye wajukuu ambaye hajui hata baba yake alikuwa mrefu au mfupi. Hao nao wanasema amina kwa sababu wenzao wamesema. Wakifika nyumbani, na wakataka kusali peke yao, wanaanza na "Ee Bwana" au "Ee Mwenyezi". Lile jina lingine haliwatoki.

Mimi naona mahubiri ya namna ile, pamoja na uzuri wake, yameanzia mahali pasipo pake. Miongoni mwa watu wa kwanza waliopelekewa habari kwamba Mungu amekuwa Baba yao, wengi hawakuwa na baba wa kumkumbuka. Na waliotutangulia katika imani hapa mwambao wetu, vivyo hivyo.

Tuanzie Roma. Karibu na mwaka 57 baada ya Kristo, Mtume Paulo akiwa Korintho alikaa na mwandishi aitwaye Tertio, yeye akisema na mwenzake akiandika, wakatoa barua ndefu kwenda kwa waumini wa Roma. Katika sura ya nane ya barua hiyo, na kabla yake katika ile ya Wagalatia, Paulo anasema kwamba waliomwamini Kristo wamefanywa wana wa Mungu kwa njia ya kuasiliwa. Hasemi kwamba wanajisikia kama watoto. Anasema wamefanywa watoto, na jambo hilo limeshafanyika.

Mrumi alilijua jambo hilo vizuri. Kuasili kwao hakukuwa kuokota yatima barabarani na kumpa uji. Kulikuwa shughuli ya wakubwa. Mtu mwenye mali na jina, ambaye hakuwa na mrithi wa kumfaa, alimchukua mwanamume, mara nyingi mtu mzima mwenye ndevu zake, akamfanya mwanawe mbele ya hakimu. Sheria yao ya zamani sana ilisema kwamba baba akimuuza mwanawe mara tatu, mamlaka yake juu ya mwana huyo yamekoma. Kwa hiyo waliigiza mauzo. Baba mzazi anamuuza, anarudishiwa. Anamuuza tena, anarudishiwa. Ya tatu, basi, hana dai tena. Hapo baba mpya anajitokeza mbele ya hakimu na kutamka kwamba huyu ni mwanawe, baba wa zamani ananyamaza, na hakimu anaidhinisha. Tangu saa hiyo mtu ana jina jipya na urithi halali. Sheria zetu za leo hazijaenda mbali na hapo. Soma Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hapa Tanzania: amri ya kuasili ikishatolewa, haki na wajibu wa wazazi wa awali hukoma, na mzazi mpya huchukua yote kana kwamba mtoto amezaliwa kwake.

Na watu wa Roma walikuwa na mfano mbele ya macho yao. Kaisari aliyekuwa madarakani barua ile ilipofika ni Nero, na Nero alikuwa mwana wa kuasiliwa. Mwaka 50 Kaisari Claudius, ambaye alikuwa na mtoto wake wa damu aitwaye Britannicus, alimuasili Nero, mtoto wa mkewe, akiwa na umri wa miaka 12. Mwaka 54 Claudius akafariki, na aliyekalia kiti hakuwa yule wa damu. Kila mwenye kusikiliza barua ya Paulo alikuwa ameona kwa macho yake, kwenye sarafu na kwenye sanamu, kuasiliwa kunaweza kumfikisha mtu wapi.

Sasa Paulo alikuwa anawaandikia akina nani? Fungua sura ya mwisho, ile ya salamu ambayo wengi tunairuka. Ampliato. Urbano. Persisi. Herme. Filologo. Watu wa nyumbani mwa Narkiso, watu wa nyumbani mwa Aristobulo. Wataalamu waliolinganisha majina hayo na yale yaliyochongwa kwenye makaburi ya Roma ya zama zile wanatuambia kwamba mengi ni majina ya watumwa, au ya watumwa walioachwa huru. Tertio naye, mshika kalamu, ana jina la kuhesabiwa, la mtu wa tatu, na majina ya aina hiyo watumwa walikuwa nayo tele.

Mtumwa wa Kirumi, kisheria, hakuwa na baba. Sisemi baba amekufa, wala amesafiri. Pengine yupo jikoni katika nyumba hiyo hiyo, anapasua kuni. Sheria haimtambui. Mtoto wa mjakazi ni mali ya mwenye mjakazi, na habari imekwisha. Hata akija kuachwa huru, anachukua jina la bwana wake wa zamani na kubaki chini yake kwa heshima na kwa kazi fulani fulani. Uhuru kaupata, baba bado hana.

Watu hao ndio waliosomewa barua, yaelekea jioni baada ya kazi, wengine mikono bado inanuka kazi ya bwana. Wanaambiwa kwamba chombo kile cha sheria, ambacho matajiri walikitumia kupeana mashamba na dola, Mungu amekitumia juu yao. Bei imelipwa, mamlaka ya bwana wa zamani yamekoma, na Baba mpya amesimama mahali pa wazi akasema hawa ni wangu. Sisi leo tukisikia sura ile ya nane tunasikia maneno ya kubembeleza. Wao walisikia hukumu ya mahakama iliyowapa ushindi.

Ndiyo maana nasema hawakuhitaji kwanza kuwa na kumbukumbu njema ya baba. Wengi hawakuwa nayo, na Paulo hakuwaomba wailete.

Tuje nyumbani. Mwaka 1864 Askofu Tozer na Edward Steere, wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, walifika Unguja. Muda si mrefu Sultani Majid akawapa wavulana watano waliokuwa wamekamatwa kwenye jahazi la watumwa. Watano hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa shule ya misheni ile. Mmoja wao alikuja kuitwa John Swedi, na baadaye akawa shemasi.

Wafikirie wavulana hao siku yao ya kwanza. Wametolewa bara, wamepitishwa njia ndefu kwa miguu, wameingizwa baharini, na sasa wako katika nyumba ya Wazungu wasiojua lugha yao, nao hawajui ya Wazungu. Hakuna hata mtu mmoja katika kisiwa kizima ambaye angewatazama akasema, aa, huyu ni kijana wa fulani. Na wewe unaujua mwambao wetu. Salamu zikiisha, swali la kwanza ndilo hilo: wewe mtoto wa nani? Ukoo ndio unaokufungulia mlango, unaokuoza, unaokuzika. Mtumwa akiulizwa swali hilo, jibu lake lilikuwa jina la aliyemnunua. Walipewa majina, tena mengine mazuri sana: Farajallah, Mabruki, Feruzi, Baraka. Lakini yalikuwa yanaishia hapo. Hayakuwa na ubini.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alikubali mkataba wa kufunga soko la watumwa. Krismasi ya mwaka huo huo, pale pale Mkunazini penye soko, likawekwa jiwe la msingi la kanisa ambalo wageni wanapanga foleni kulipiga picha hadi leo. Nje ya mji, Mbweni, misheni ilikuwa imenunua shamba, ikawapa watu walioachwa huru mahali pa kujenga na kulima, na shule ya wasichana ikafunguliwa. Katika watu wa namna hiyo alitoka Cecil Majaliwa, Myao, mtumwa utotoni, ambaye mwaka 1890 alipewa upadri, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo kufikia daraja hilo, na akahudumu Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo. Mtu ambaye aliuzwa, sasa watu wazima wanamwita Padri, na yeye anawaongoza katika ile sala ya Baba.

Upande wa Mombasa mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1875 misheni nyingine ya Kianglikana, CMS, ilianzisha kijiji cha Freretown, Kisauni, kwa watu waliotolewa na manowari za Kiingereza kwenye majahazi. Mpaka sasa ukipanda matatu kwenda upande huo utasikia utingo anaita Kengeleni, kwa sababu ya kengele ya kijiji hicho. Na kule Rabai, tarehe 1 Januari 1889, watoro wapatao 1,400 waliokuwa wamekimbilia misheni walipewa hati za uhuru baada ya mabwana wao kulipwa fidia na kampuni ya Waingereza.

Hapo kwenye hati nataka tukae kidogo. Hati ya uhuru ni kitu kikubwa, na asiidharau mtu ambaye hajawahi kuwa mtumwa. Lakini hati hiyo inakwambia wewe si wa nani tena. Haikwambii wewe ni wa nani. Unaikunja, unaitia mfukoni, unatoka nayo nje ya uzio wa misheni, na mtu wa kwanza kukutana naye njiani anakuuliza swali lile lile. Wewe mtoto wa nani? Uhuru peke yake haukuwa na jibu.

Kwao Kanisa halikuwa mahali pa kwenda Jumapili kisha kurudi kwa watu wako. Hapakuwa na watu wako. Waliosimama nawe kwenye maji ya ubatizo ndio waliokuwa baba na mama. Mliokula nao meza moja ya Bwana ndio waliokuja kukuposea. Mwaka 1934 ilichapishwa Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Juma Mbotela, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa hao waliokombolewa. Tazama jina la mtunzi. Mbotela. Kizazi kimoja tu, na ubini umesharudi, umeandikwa juu ya jalada. Na sisi tulioshinda na redio tangu utoto tunalijua jina hilo kwa njia nyingine: marehemu Leonard Mambo Mbotela, wa ukoo huo huo, aliyekuwa akiwauliza Wakenya, na sisi majirani tuliokuwa tukiidaka mitambo yao, kama huu ni ungwana. Sijui kama kuna mtu aliyekuwa na haki zaidi ya kuuliza swali hilo.

Nisije nikaipamba historia. Hao hao waliofundisha kwamba Mungu ni Baba walipenda sana kujifanya baba wao wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 malalamiko ya watu wa Freretown kuchapwa viboko yalipata nguvu hadi msimamizi wa kituo akaondoka. Watu walikuwa wametolewa kwenye fimbo moja wakaingia kwenye nyingine, hii ikiwa na sala asubuhi na jioni. Na waliochapwa walikuwa wanaitwa watoto wa misheni. Ukiona mtu anasisitiza sana kwamba wewe ni mtoto wake, angalia ana nini mkononi.

Yesu alilijua jambo hilo. Aliwakataza wanafunzi wake kumfanya mtu yeyote wa duniani kuwa baba wao wa kiroho, kwa sababu wanaye mmoja, wa mbinguni, na wao wote ni ndugu. Sasa usinigeuzie kibao. Najua tunasema Baba Askofu, Baba Paroko, Baba Mchungaji, na mimi nasema. Siwezi leo kuamka nikamwita askofu wangu Bwana Fulani. Hata mke wangu hatanielewa. Heshima haijakatazwa. Kilichokatazwa ni mtu kukaa kwenye kiti kile na kuamua nani ni mtoto na nani si mtoto.

Na neno ndugu lina uzito wake. Yule Nero niliyemtaja, mwana wa kuasiliwa, mwaka 55 alikaa mezani akamtazama Britannicus, ndugu yake kwa sheria, akianguka na kufa katikati ya chakula. Waandishi wa Kirumi wanasema alimwekea sumu. Alipata baba, akapata jina, akapata urithi wote, ila hakutaka ndugu. Mwaka 64, baada ya moto kuunguza Roma, ndiye aliyewageukia Wakristo wa mji ule, watu wa akina Ampliato na Persisi, akawaua. Kuna Wakristo wa aina ya Nero hadi leo. Simaanishi wauaji. Namaanisha wale wanaotaka Baba bila ndugu: baraka za nyumbani wanazitaka zote, lakini yule dada aliyezaa kabla ya ndoa asikae nao benchi moja.

Msikilizaji, ile hadithi ya mwana mpotevu katika Luka 15 wengi mnaifahamu, na sina haja ya kuirudia. Nachukua mambo mawili tu humo. Yule kijana akiwa na nguruwe aliandaa maneno ya kumwambia baba yake, na mwishoni mwa maneno hayo aliweka ombi: afanywe mmoja wa vibarua. Alikuwa amepiga hesabu. Kibarua ana ujira wake, ana saa zake, na jioni hadaiwi kitu. Lakini alipofika, baba alikuwa ameshamkimbilia, ameshamkumbatia, na kijana alipoanza kusema, lile ombi la kibarua hakulifikia. Baba alishageukia watumishi, anaagiza vazi, pete na viatu. Viatu, kwa sababu miguu mitupu ilikuwa alama ya mtumwa. Yaani baba hakumkatalia kazi. Hakumpa hata nafasi ya kuiomba.

La pili ni yule kaka mkubwa, aliyebaki nyumbani. Anaposusa nje na kulalamika, anasema kwamba miaka yote hii amemtumikia baba yake kama mtumwa. Sikiliza mtu huyo. Amelala katika nyumba ya baba, amekula chakula cha baba, shamba lote ni lake, na hesabu anayopiga moyoni ni ya kibarua anayedai malimbikizo. Hajawahi kwenda popote, lakini mwana naye hajawahi kuwa.

Makanisa yetu yamejaa kaka wakubwa. Nenda kwenye mkutano wa usharika usikilize watu wanavyojitetea: nimeimba kwaya miaka mingapi, nimetoa bati ngapi, na Mungu bado hajanifanyia. Wahenga wangetuuliza kitu kidogo tu. Katika nyumba yoyote ya pwani, mgeni mwenye kiu huomba maji na kungoja aletewe. Mtoto wa mle ndani hamwombi mtu, anainuka na kata yake anakwenda mtungini. Wewe katika sala zako unafanya lipi?

Wapo pia waliolichukua jambo hili wakaligeuza biashara. Baba yangu ni tajiri, kwa hiyo gari ni haki yangu. Mimi mtoto wa Mfalme, siwezi kupanda daladala. Kwa heshima zote, hiyo si imani ya Paulo. Paulo katika sura ile ile ya nane anaufunga urithi pamoja na mateso, havitenganishi. Na Mwana mwenyewe, yule asiyehitaji kuasiliwa, usiku ule Gethsemane alimwita Mungu Baba na kumwomba kikombe kile kimwondokee, na hakikumwondokea. Aliyekuwa anapendwa kuliko wote aliambiwa hapana, na asubuhi akapelekwa msalabani. Anayekufundisha kwamba ukiwa mtoto hutaambiwa hapana, muulize Gethsemane ameiweka wapi katika mahubiri yake.

Kwa hiyo nirudi kwa yule wa benchi la nyuma, maana ndiye niliyemwandalia mazungumzo haya. Dada yangu, kaka yangu, hulazimiki kwanza kumsamehe baba yako, wala kumtafuta, wala kupamba kumbukumbu zake, ndipo uruhusiwe kumwita Mungu Baba. Kusamehe ni jambo zuri na lina siku yake, pengine na mwaka wake. Lakini halijawekwa kama kiingilio. Mungu si picha ya baba yako iliyokuzwa. Kama baba yako alikuwa mkatili, Mungu si mkatili mkubwa zaidi. Kama alikukimbia, Mungu si mkimbiaji wa mbinguni. Ulichopewa katika Kristo si hisia ambayo inakupasa uikamue kifuani kila asubuhi. Ni hali. Siku unapojisikia mtoto, wewe ni mtoto. Siku unapojiona huna mtu duniani, umekaa kitandani saa tisa ya usiku na simu haina wa kumpigia, hali hiyo haijabadilika, kama ambavyo hukumu ya mahakama haibadiliki kwa sababu mshindi ameamka na huzuni.

Na kama neno lenyewe bado linakuchoma, lisemee pamoja na wengine. Ndivyo walivyofanya watu wa Mbweni. Mtu hakuachwa alitafute peke yake gizani. Alilisikia kwa mwenzake wa kulia na wa kushoto, ambao nao hawakuwa na baba, akalidandia njiani.

Sasa nina neno kwa wazee wa kanisa, watunza madaftari na wachungaji wanaonisikiliza, na najua mpo. Katika ofisi za sharika nyingi kuna daftari la ubatizo. Kuna safu ya jina la mtoto, safu ya tarehe, na safu ya jina la baba. Mama anakuja na mtoto mgongoni, anaulizwa jina la baba, ananyamaza. Wapo watunza daftari wenye busara, wanaandika jina la mama na kuendelea. Lakini zipo sharika, na wasikilizaji wameniandikia kuhusu hili, ambako mama anaambiwa arudi baadaye, au kwanza amlete mwanamume, au amalize adhabu yake arudishwe kundini ndipo mtoto apokewe. Kwingine mtoto anabatizwa, ndiyo, lakini siku ya Jumatano, kanisa likiwa tupu, yupo mwinjilisti na mfagiaji tu, wakati wenzake wanabatizwa Jumapili kwa vigelegele na kamera.

Nawauliza, kwa sheria gani? Kama kungekuwa na utaratibu huo Roma, nani katika ile sura ya salamu angebatizwa? Tertio angeandika nini kwenye safu ya baba? Kama utaratibu huo ungekuwepo Unguja mwaka 1864, wale wavulana watano wangerudishwa kwenye jahazi. Kanisa lililojengwa na watu wasio na ubini leo linamfukuza mtoto kwa kukosa ubini, na linamfukuzia kwenye mlango ule ule ambao kazi yake ni kumpa Baba.

Adhabu ya kanisa kwa mtu mzima sina ugomvi nayo hapa. Hiyo ni mada ya siku nyingine, na tutaigusa. Mtoto hana kosa. Mkimkuta mama wa namna hiyo kwenye ofisi yenu wiki hii, mpeni kiti, mwandikeni mtoto kwa jina la mama yake, mtafutieni wadhamini wawili wenye moyo, na mbatizeni Jumapili ijayo katika ibada ya kwanza, pamoja na wenzake, mbele ya watu wote.